Magadi, chai ya rangi na picha ya bluu

Yaani kila nikisema nachapa picha za sayanotaipu, zile za bluu zinazochapwa kwa jua, naambiwa hizo mbwembwe za kizungu umezitoa wapi, simu si unayo. Ninayo. Ila mi naona hii kitu inatufaa sisi wa Dar kuliko hata hao walioianza, maana wao jua wanalisubiri, sisi linatuunguza bure.

Mwanasayansi John Herschel ndo aliileta, Uingereza, 1842. Unachanganya chumvi mbili zenye madini ya chuma, unapaka kwenye karatasi mahali pasipo na jua (mi napakia bafuni), ikikauka unalaza kitu juu yake unaianika. Palipopigwa jua ukisuuza na maji panakuwa bluu, palipofunikwa panabaki peupe. Kamera hamna. Mwaka uliofuata Anna Atkins, mama wa mambo ya mimea hukohuko Uingereza, akaanza kutoa kitabu chake cha picha za mwani kwa njia hiyohiyo, mwani jamani, si upo hapa tu, wa kwangu niliuokota Coco Beach, haukuwa umekauka vizuri ukaacha doa la maji katikati na hilo doa ndo nalipenda kuliko mwani wenyewe.

Ile njia nyingine ya kupiga picha, ya Mfaransa Daguerre ya 1839, sitaki hata kuisikia, picha inatokezwa kwa mvuke wa zebaki, nani anataka hayo nyumbani.

Sasa kilichonifundisha si kitabu. Nilichapa jani la mpapai kwenye kitambaa cha pamba cha Kariakoo, bluu imekolea balaa, mama mdogo akakikuta kwenye kamba akadhani kimechafuka, akakiloweka na sabuni ya unga. Bluu yote ikaenda na maji, kikabaki njanonjano kama nepi ya mtoto. Nilinuna siku mbili.

Kumbe ile bluu na vitu vya jamii ya magadi havipatani kabisa, na wenyewe wanaojua wanafanya hivyo makusudi: unaififisha kwa magadi kidogo, haya haya ya makande, halafu unailoweka kwenye chai ya rangi nzito isiyo na sukari, ile tanini, yaani ule ukakasi wa majani ya chai, inashikana na chuma kilichobaki, inatoka kahawia inayokaribia nyeusi. Nikakirudisha kitambaa kwenye sufuria ya chai. Jani likarudi taratibu, mishipa yote inaonekana, mpaka kile kipande kilichotobolewa na mdudu.

Mama mdogo sasa anakitaka afunikie hotipoti.