Pasi ya treni Ulaya: hesabu hubadilika ukiwa unasubiri viza

Kila kiangazi kikikaribia, ndugu na marafiki wanaokuja kututembelea huku Ujerumani wakitokea Dar au Mombasa huuliza swali lilelile: ninunue pasi ya treni ya Eurail, inayotumika nchi nyingi za Ulaya, au nikate tiketi moja moja? Wengi huuliza wakiwa wameshaamua. Wameona tangazo la nchi 33 kwa pasi moja, na moyo umeshapanda behewa.

Tuanze na pesa. Kwa bei za 2025, pasi ya siku nne za kusafiri ndani ya mwezi mmoja, daraja la pili, ilikuwa euro 283 kwa mtu mzima. Gawanya: kila siku ni kama euro 70. Siku ambayo tiketi ya kawaida ingepatikana chini ya hapo, pasi imekula hela yako. Na tiketi za treni huku zinauzwa kama za ndege. Berlin hadi München, ukikata miezi miwili mitatu kabla, unaweza kulipa chini ya euro 30. Subiri hadi siku ya safari na treni ileile itapita euro 100. Kwa hiyo mwenye ratiba iliyokamilika mapema hana haja ya pasi, hata akisafiri mbali.

Tena kuna gharama ambayo tangazo huiandika kwa herufi ndogo. Pasi inalipa nauli, hailipi kiti. Ujerumani, Austria na Uswisi unaingia tu treni nyingi na kukaa penye nafasi. Italia, treni za kasi za Frecciarossa zinamdai mwenye pasi euro 13 za kiti kila anapopanda. Roma, Firenze, Venezia, kisha Milano: hizo ni euro 39 juu ya pasi uliyokwisha kulipia. Na Italo, kampuni shindani yenye tiketi za bei poa kwenye reli hizohizo, haiitambui pasi kabisa. Ufaransa ndiko kunakoudhi zaidi, maana viti vya wenye pasi kwenye treni za kasi za TGV vina idadi yake. Vikiisha, unaambiwa hakuna nafasi huku wenye tiketi wanaendelea kuuziwa viti. Mgeni wa kwenda Italia peke yake mimi humwambia asahau pasi, akate tiketi.

Mpaka hapo tiketi moja moja inashinda, na washauri wengi wa safari huishia hapo. Lakini ushauri wao wa "kata mapema" umeandikwa kwa mtu anayejua tarehe yake. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya haijui. Ubalozi una siku 15 za kuamua maombi ya viza ya Schengen, na unaweza kujiongezea hadi 45, mbali na majuma ya kusubiri miadi. Tiketi za bei ya chini kabisa huwa hazirudishwi wala hazibadilishwi. Ukikataliwa viza, unapoteza euro 90 za maombi pamoja na tiketi. Pasi ya kawaida inakaa hadi miezi 11 bila kuanza kuhesabu, na kama hujaiwasha unaweza kuirudisha kwa kukatwa kiasi (zile za punguzo soma masharti kwanza). Hapo inakuwa bima, na bima lazima uilipie.

Wanafunzi wetu wenye kibali cha kuishi huku hawahitaji Eurail, wao ni watu wa Interrail, pasi kama hiyo kwa wakazi wa Ulaya, ila ndani ya nchi wanayoishi wanapata safari moja ya kutoka na moja ya kurudi tu. Mwenye muda mwingi na haraka kidogo atazame pia Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, euro 63 kwa mwezi tangu Januari 2026. Kwa treni, ni zile za mikoani tu, hivyo Berlin hadi München itakumalizia siku karibu nzima. Na ni ya kujiandikisha kila mwezi: usipoifuta kufikia tarehe 10, mwezi unaofuata unakatwa tena ukiwa umesharudi Tanga.

Shemeji yangu alikuja na pasi. Kabla ya kupanda lazima uiongeze treni kwenye programu ya simu ndipo msimbo wa kumwonyesha kondakta utokee. Yeye alipanda Köln akiwa na chaji asilimia mbili, akaokolewa na abiria mwenye waya. Bonde la Rhine lilipoanza kuonyesha ngome zake juu ya vilima, akateremka Koblenz bila kumuuliza mtu, akatembea mtoni, akapanda treni nyingine baada ya saa mbili. Tiketi ya bei ya chini ingemfunga kwenye treni yake ya kwanza.

Jioni tulikaa mezani na kalamu. Tiketi za mapema kwa safari zake zote nne zingekuwa kama euro 150, karibu nusu ya pasi. Akacheka, akanionyesha stika ya viza: ilitoka siku sita kabla ya ndege yake.