Nguruwe wa Masasi: wapi ubane gharama, wapi usibane

Anayejenga banda la nguruwe wa biashara Masasi, Ndanda au Nachingwea hupewa ushauri wa aina mbili. Mmoja anamwambia afuge kitaalamu: sakafu ya saruji, chakula cha kununua, mgeni asikanyage ndani. Mwingine anamkumbusha kwamba chakula peke yake humeza zaidi ya nusu ya gharama zote, basi atumie mihogo yake, mabibo ya msimu wa korosho na makombo ya mama ntilie, na nguruwe wakitoka wajitafutie. Wote wana hoja. Ninachokiona ni kwamba gharama inaweza kubanwa kwenye wanga, lakini ukiibana kwenye protini au langoni, utailipa mara mbili.

Makopa, yaani mihogo iliyokaushwa, ni chakula kizuri. Yanaweza kushika nafasi ya sehemu kubwa ya mahindi, mradi mihogo michungu imemenywa, ikakatwakatwa na kuanikwa hadi ikakauka kabisa, sumu ya sianidi ipungue. Tatizo ni kwamba protini yake ni kama asilimia 2 hadi 3, na nguruwe anayekua anahitaji karibu 16. Mabibo nayo ni sukari na maji. Nguruwe wa mihogo mitupu anashiba, tumbo linajaa, uzito hausogei. Mfugaji anaona amelisha bila gharama, kumbe kila mwezi wa ziada bandani unamla.

Changanya kilo 50 za pumba za mahindi, 25 za makopa na 25 za mashudu ya ufuta (makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa), utafika asilimia 15 na kitu ya protini. Hesabu ya daftari imetimia, ya bandani bado, kwa kuwa ufuta una upungufu wa laisini, mojawapo ya viini vinavyounda protini, na nguruwe asiyepata laisini ya kutosha hajengi nyama. Hapo mbaazi inafaa: laisini inayo, methionini, kiini kingine cha aina hiyo, ni haba, na methionini ndiyo ufuta ulio nayo kwa wingi. Ni mazao mawili ya Kusini hii hii, kila moja likiziba pengo la mwenzake. Punguza mashudu kidogo, ongeza mbaazi iliyochemshwa (ikiwa mbichi huzuia protini isisagike vizuri tumboni), weka chumvi na madini.

Wapinzani wa hesabu hii wana jibu zito. Ufuta wetu kwa sehemu kubwa unaondoka ukiwa mbegu, mafuta yanakamuliwa kwingine, na mashudu yanabaki huko huko. Mbaazi nayo ina bei yake. Mwaka 2017 India ilipobana uagizaji na bei ikaporomoka, kumlisha nguruwe kulikuwa na maana; bei ikiwa nzuri mnadani, ni kujidanganya. Kwa hiyo sikubaliani na wanaokataa kabisa chakula cha kununua. Kinunuliwe kwa jike anayenyonyesha na kwa vitoto vinavyoachishwa, ambao kosa dogo la lishe linawagharimu sana. Wakubwa wanaokaribia kuuzwa wale mchanganyiko wa nyumbani. Na sindano ya madini chuma ndani ya siku 3 za kwanza isirukwe, kwani maziwa ya mama hayana chuma cha kutosha.

Kuhusu kuzurura nina msimamo mkali zaidi. Najua ndiyo njia pekee ya mwenye nguruwe wawili na asiye na mtaji. Lakini nguruwe anayekula kinyesi cha binadamu hubeba tegu, na mtu akimeza mayai ya mnyoo huo, mabuu yanaweza kukaa ubongoni yakamletea kifafa. Halafu kuna ujirani: tunaishi na Waislamu nyumba kwa nyumba, na nguruwe uani kwa mtu ni kumvunjia heshima. Huko Liwale, karibu na Hifadhi ya Nyerere, kuna pia ngiri, wanaobeba kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika bila kuugua.

Homa hiyo, iliyoelezwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, haina tiba na inaweza kumaliza banda zima. Kirusi chake hudumu hata kwenye nyama iliyogandishwa, ndiyo maana makombo yenye mabaki ya kitimoto ni hatari kuliko yanavyoonekana. Ukilazimika kuyatumia, yachemke nusu saa nzima huku yakikorogwa.

Kinachonisumbua zaidi ni dume la kuazima, linalopita banda hadi banda na kubeba chochote lililokutana nacho. Wataalamu wanasema kila mmoja awe na lake. Kwa mwenye majike matatu hiyo ni hasara tupu, maana dume moja linatosha majike 15 au zaidi. Naona afadhali wafugaji wachache wafunge mduara: dume moja lao, halitoki nje, na nguruwe mgeni atengwe wiki kadhaa kabla ya kuingia.

Mduara huo huo ungeweza kuweka akiba. Nguruwe wa kwanza akianguka, mwenye ada ya shule ya kulipa hushawishika kuuza waliobaki usiku huo huo kabla bwana mifugo hajafika na kuweka karantini, na nyama inasambaza homa hadi kijiji cha tatu. Simtetei, ila namwelewa. Akijua kesho asubuhi wenzake watamchangia, kupiga simu kwa bwana mifugo kunakuwa kwepesi.