Fundi, ile skrubu iache

Kuna skrubu moja ndogo ubavuni mwa throto bodi, yaani mlango wa hewa ya injini, mara nyingi ina nati ya kuifungia na tone la rangi la kiwandani. Mji huu wa Dodoma umeigeuza mno. Gari likifika chini ya mwarobaini linatetemeka na kuzima kila likisimama, maneno ni yaleyale: "Sailensi tu hiyo bosi, dakika mbili." Sailensi ni kasi ya injini ikinguruma bila kukanyagwa pedali. Bisibisi inaingia, mshale wa RPM, mizunguko ya injini kwa dakika, unatoka 500 unakwenda 900, injini inatulia, hela inahesabiwa. Baada ya wiki gari limerudi, linapanda 1,500, linashuka 800, linapanda tena lenyewe kama linapumua. Hapo sasa mteja anaambiwa kontroli boksi, kompyuta ya injini, imekufa, atafute nyingine.

Ilikufa lini? Ilichanganywa na bisibisi.

Kwenye kabureta sawa, sailensi ilikuwa ya kupangwa kwa mkono na sikio. Gari la nozeli, linalopuliziwa petroli kwa amri ya kompyuta, lina namba yake kichwani. Injini ya 1NZ ya IST au Vitz ya otomatiki, ikishapata moto, gia ikiwa P au N na AC imezimwa, inatakiwa isimame kati ya 650 na 750. Kontroli boksi ndiyo inayoitafuta namba hiyo. Kwenye throto za kebo inatumia vali ya sailensi, inayopitisha hewa pembeni ya kipepeo, kile kibao kinachofungua na kufunga njia ya hewa. Kwenye throto za umeme inasogeza kipepeo chenyewe kwa mota. Ile skrubu kazi yake ni kuzuia kipepeo kisigande ukutani kikifunga. Basi.

Tuseme umeikaza nusu mzunguko kwenye throto ya kebo. Kipepeo kinabaki wazi kidogo na hewa inaingia bila ruhusa. Kontroli boksi inafunga vali yake mpaka mwisho, RPM hazishuki. Kama sensa ya kipepeo bado inasema mguu umetoka kwenye pedali, kontroli boksi inaona injini inazunguka kwa kasi na dereva hajakanyaga kitu, inaamini unateremka mlima Sekenke. Inakata petroli. RPM zinaporomoka, inarudisha petroli kabla injini haijazima, zinapanda, inakata tena. Huko ndiko kupumua kwenyewe. Na kama skrubu imesogezwa mpaka sensa inasema umekanyaga, ndiyo mbaya zaidi: kontroli boksi inaacha kabisa kuisimamia sailensi, na siku ukiteremka Sekenke kweli nozeli zinaendelea kumwaga mafuta yaliyopaswa kukatwa. Halafu mwenye gari analalamika kwamba linabwia mafuta, anauziwa plagi mpya.

Wapo wanaolegeza na sensa yenyewe na kuizungusha kidogo "ilingane". Safi sana, sasa una uongo mara mbili.

Utetezi ninaoupenda kuliko wote ni ule wa mwinuko: Dodoma iko juu, hewa nyepesi, gari lililotoka Dar lazima liongezwe sailensi. Ni kweli tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na hewa ni nyepesi kweli. Ndiyo maana gari lina sensa ya kupima hewa au presha ya manifoldi! Kontroli boksi imeshajua kabla hujafika Dodoma.

Kinachoshusha sailensi hapa kwetu mara nyingi ni uchafu. Vumbi linalopenya ea klina iliyochoka, likichanganyika na mvuke wa oili, linatengeneza pete nyeusi pale kipepeo kinapokutana na ukuta, na njia ya hewa inaziba. Dalili yake ni gari kutaka kuzima ukiwasha AC au ukiingiza D. Zima injini, toa ufunguo, chomoa temino hasi ya betri, fungua mpira wa hewa. Puliza dawa ya throto kwenye kitambaa, ufute ukingo wa kipepeo na ukuta wake, mbele na nyuma. Throto ya umeme usiilazimishe kwa kidole, gia zake ni za plastiki. Ifungue yote, na ukiirudisha weka gasketi nzima. Vali ya sailensi isafishe tundu kwa brashi laini, dawa isifike upande wa koili. Dawa hiyohiyo usiipulizie sensa ya hewa.

Ukiwasha, sailensi inaweza kuwa juu, na hapa ndipo mikono inapowasha. Tulia. Kontroli boksi ilishazoea kufungua zaidi kwa sababu ya uchafu, sasa inajifunza upya. Toyota nyingi ziache zipate moto na zingurume dakika kadhaa bila AC wala taa. Honda Fit shikilia 3,000 mpaka feni iwake, kisha achia pedali dakika tano. Nissan wana utaratibu wao wa kukanyaga pedali kwa kuhesabu sekunde. Ifanye kwa mashine ya kupimia usijitese.

Sailensi ikibaki juu hata baada ya hapo, tafuta hewa ya wizi. Injini ikinguruma, bana kwa koleo mpira mmoja mmoja wa vakyumu, ukianza na ule mnene wa buster ya breki. Ukibana na RPM zikashuka, umempata. Angalia na maji ya rejeta, yakipungua hewa inakaa kwenye sensa ya joto na sailensi inayumba.

Halafu themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Nani aliwaambia haifai nchi za joto? Inafunguka kwenye nyuzi 82 au karibu na hapo, na ikitolewa, injini kwenye lami ya kwenda Morogoro haifiki moto wake. Kontroli boksi inaona bado ni asubuhi ya Julai, inaweka sailensi ya baridi na mafuta ya baridi safari nzima.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Mitsubishi kadhaa za zamani na baadhi ya Toyota za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zina skrubu halali ya sailensi. Ni nyingine hiyo, ya njia ya hewa, na inaguswa baada ya usafi wote huo.

Kama throto ni ya kebo na skrubu ilishachezewa, ilegeze mpaka iache kugusa mkono wa kipepeo, irudishe taratibu mpaka iguse na kipepeo kisigande kikiachiwa ghafla, kaza nati. Weka tone la rangi ya kucha juu yake, ili siku gari likirudi kutoka kwa mwingine ujue kama bisibisi imepita.