Sikuunguza Kitu

Niseme mapema ili tusioneane mashaka: vitunguu havikuungua. Vilikuwa vimeanza tu kubadilika rangi, kingo zimeshika wekundu na katikati bado vinang'aa, hatua ile ambayo mpishi yeyote huinamia kikaango, hufumba macho na kuvuta pumzi ndefu. Nilikuwa katikati ya hiyo pumzi dari ilipopiga yowe.

Nasema dari kwa sababu ndani ya karavani king'ora cha moshi hakikai mahali pa kusema "kule". Kiko juu ya utosi wako. Ukinyoosha mkono umekifikia, na ukiwa mrefu kidogo unakipiga kichwa ukipita. Watengenezaji huihesabu sauti yake kuwa desibeli 85 kwa mtu aliyesimama umbali wa mita 3. Mimi sikio langu lilikuwa karibu nacho kuliko kijiko nilichoshika, na hakuna aliyewahi kuniandikia hesabu ya hapo.

Kwa asiyewahi kulala kwenye gari la namna hii: ni nyumba nzima imebanwa nyuma ya usukani. Kitanda, meza, sinki, bafu na jiko la gesi la pleti mbili, vyote ndani ya nafasi ambayo kwenye nyumba ya kawaida ingeitwa korido. Mmoja akitaka kupita, mwingine akae. Mmoja akitaka kufungua friji, mwingine atoke nje. Nasi tulikuwa watatu: mimi, mke wangu, na mdogo wake wa kiume, aliyejialika safarini kwa hoja kwamba atatusaidia kuendesha, na ambaye hadi asubuhi hiyo alikuwa hajaugusa usukani hata kwa bahati mbaya.

"Shemeji, unaunguza!" akapaza sauti kutoka kitandani, shuka bado limemfunika uso.

"Siunguzi, shemeji."

"Sasa mbona inalia?"

Swali la haki kabisa, ila huwezi kulijibu huku umeziba masikio kwa viwiko na mkono mmoja umeshika kikaango. Jibu lake ni hili. King'ora chetu kilikuwa cha ile aina ya ayoni. Ndani yake mna punje ya amerisiamu-241, isiyofika hata sehemu moja ya milioni ya gramu, inayotoa mnururisho wa kuichaji hewa iliyo kati ya vibati viwili ili umeme kidogo sana upite. Chembe za moshi zikiingia hapo, umeme unapungua na kelele zinaanza. Hakiulizi chembe zimetoka wapi. Kibaya zaidi, kinachokikera hasa ni zile chembe ndogondogo zinazoruka kwenye mafuta ya moto, ambazo macho hayazioni. Ndiyo maana unaweza kusimama katikati ya chumba kisicho na moshi, kila kitu kinaonekana vizuri, na bado ukashtakiwa. Na usiseme utasubiri kichoke: hiyo amerisiamu huchukua miaka 432 kupungua nusu. Andika wosia kwanza.

Tena uzushi huu king'ora kimezaliwa nao. Miaka ya 1930 mwanafizikia wa Uswisi, Walter Jaeger, alikuwa akihangaika kutengeneza kifaa cha kunusa gesi ya sumu. Akaingiza gesi, mshale wa mita haukutikisika. Akachoka, akawasha sigara yake apumzishe kichwa, na mshale ukasogea. Dunia ikafurahi kwamba sasa moshi unaweza kukamatwa. Lakini tazama vizuri kilichotokea mle chumbani: hapakuwa na moto. Palikuwa na mtu mmoja aliyekasirika na sigara yake. Kazi ya kwanza kabisa ya ukoo huu ilikuwa kumpigia kelele mtu asiye na hatia, na mimi nilikuwa nimeangukiwa na mjukuu wao.

Mke wangu ni mtu wa kusoma vijitabu vya maelekezo, hata vya kibaniko cha mkate. Akakitoa cha king'ora kwenye droo, akasoma kwa sauti juu ya ile kelele: kifungwe umbali usiopungua mita 3 kutoka kwenye jiko. Tukatazamana. Kwenye gari letu, mita 3 kutoka kwenye jiko ukielekea nyuma umeshatoka kwa dirisha la kitandani. Ukielekea mbele umekaa juu ya boneti. Ukielekea pembeni uko kwenye nyasi, miguu peku, unamtazama jirani akipiga mswaki.

Shemeji akaamua kuamka na kutoa ule msaada alioahidi. Alianza na kitambaa cha kufutia vyombo, akakipunga kwa nguvu zote kutoka chini kwenda juu, yaani akakichotea king'ora ule mvuke wa mafuta na kukipelekea mdomoni. Kikazidi. Akaikimbilia feni ya dari. Feni hizi zina njia mbili, kutoa hewa na kuingiza. Akaiweka kwenye kuingiza. Harufu ya vitunguu iliyokuwa imetulia jikoni ikatembezwa hadi bafuni, chini ya meza, ndani ya mito.

"Toa betri!" akasema.

"Betri haitoki," mke wangu akajibu, na ukimsikia anasema hivyo kwa sauti ya chini ujue mjadala umefungwa. "Tunalala hatua mbili kutoka kwenye mtungi wa gesi. Betri haitoki, wala hakifungwi soksi."

Hilo la soksi shemeji alikuwa bado hajalisema, ila soksi tayari ilikuwa mkononi.

Kumbe kuna kitufe. Kiko katikati ya uso wa king'ora, na ukikibonyeza kidogo, kifaa hulegeza ukali wake kwa dakika kumi hivi halafu hurudia hali yake ya kawaida. Jambo zuri sana. Ila kitufe hichohicho ndicho cha kujaribia sauti, kwa hiyo ukikishikilia, kinakuonyesha kwamba spika inafanya kazi. Shemeji alikishikilia. Spika ilikuwa inafanya kazi. Mke wangu akamwondoa mkono, akakigusa mara moja kwa ncha ya kidole, na kimya kikashuka kiasi kwamba tulisikia vitunguu vikichemka kwenye mafuta. Vilikuwa bado vizima. Naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu.

Nadhani asubuhi ingeishia hapo kama shemeji asingenusa shati lake. Alikuwa na mipango ya kwenda kusalimia karavani ya tatu, ambako usiku uliotangulia aliona watu wa rika lake, na hakutaka kufika ananukia mboga. Akatoa kopo la manukato ya kupuliza, akajipulizia kwapa la kwanza, kwapa la pili, kisha akamalizia na hewa yote iliyomzunguka.

Sasa, karavani ina king'ora kingine, cha gesi. Hiki hakikai darini. Kimefungwa karibu na sakafu, usawa wa kifundo cha mguu, kwa sababu propani, gesi ya kupikia, ni nzito kuliko hewa na ikivuja hushuka chini. Na kile kinachosukuma manukato yatoke kwenye kopo mara nyingi ni hiyohiyo propani na nduguye butani. Kwa hiyo, kwa maoni ya king'ora cha chini, mtungi ulikuwa umepasuka. Kikaanza kulia kwa sauti yake, nyembamba na ya kurukaruka, tofauti kabisa na ile ya juu. Mke wangu akazima jiko na valvu palepale, akafungua mlango wazi, akatuamuru tutoke. Hapo sina mzaha naye: gesi ikitajwa, mtu kwanza anatoka, ubishi unafuata akiwa nje.

Tatizo ni kwamba mlangoni palikuwa na mtu anayeingia.

Alikuwa yule jirani wa mswaki, mzee wa makamo ya babu, bado ana povu la dawa mdomoni, ameshika mtungi wa kuzimia moto kifuani. Alikuwa amesikia king'ora cha kwanza, akasikia cha pili, akaona feni ikizunguka na watu wakipunga vitambaa, na akafikia uamuzi ambao mtu yeyote mwema angeufikia. Pini ilikuwa imeshatoka. Nikamwona anatafuta pa kulenga.

Unamwambia nini mzee wa watu katika hali ile? Ulimi wangu ulichagua wenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, sogea," akasema, na akabonyeza.

Mtungi wa unga mkavu ukishafunguliwa ndani ya chumba cha ukubwa ule haulengi kitu, unajaza tu. Nilimwona shemeji, halafu nikaacha kumwona. Kikaango kikapotea. Mke wangu alikuwa ametangulia nje, na alinisimulia baadaye kwamba wingu lilitoka kwa mlango, likatoka kwa madirisha, na feni, ambayo bado ilikuwa kwenye kuingiza, ikawa inapambana nalo kulirudisha ndani. Unga nao ni chembe. King'ora cha darini, kilichokuwa kimelegezwa kwa heshima na kitufe, kikaona hili limevuka kiwango cha kuvumilika. Kikaamka. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo vyote viwili vililia pamoja, na hapakuwa na moto wala gesi iliyovuja, isipokuwa sisi tunaokohoa.

"Umezimika!" mzee akatangaza kutoka ndani ya wingu.

Tulimshukuru. Ungefanya nini? Mke wangu akamletea kiti na maji ya kusukutua, maana lile povu la mswaki lilikuwa limeshika unga. Aliketi akitutazama tukitoa godoro, na mara mojamoja akarudia kwamba la muhimu ni kuwahi. Karavani ya tatu nzima ilikuja kuangalia, wakamkuta shemeji mweupe hadi kope. Kwa manukato sijui, ila kwa kujulikana, alijulikana.

Kuhusu usafi nitasema moja tu: usikimbilie maji. Unga ule ukilowa unageuka uji unaogandia na kula chuma. Anza na brashi kavu na barakoa, kona kwa kona, na ukubali kwamba utaendelea kuukuta kwenye bawaba za makabati muda mrefu baada ya kusahau rangi ya vitunguu.

Usiku kulikuwa na baridi. Mahali fulani kwenye giza kitu kikasema "pii". Kimya cha kama dakika moja. "Pii." Shemeji akasema ni mdudu, akawasha tochi ya simu, akamtafuta chini ya kitanda, ndani ya viatu, nyuma ya pazia. Mdudu alikuwa darini: betri ikiwa dhaifu, baridi huishusha nguvu zaidi, ndiyo maana vifaa hivi huchagua usiku wa manane kudai haki zao. Mke wangu akakifungua abadilishe betri, akakigeuza, akasoma tarehe iliyo mgongoni. Vinatakiwa kustaafu vikifika miaka 10. Chetu kilikuwa kimepitiliza zamani, na bado kikawa kinaripoti kazini.

Tukanunua kipya, safari hii cha aina ya mwanga. Ndani yake mna chumba kidogo cha giza chenye miale inayopita pembeni ya jicho lake. Moshi ukiingia, miale inatawanyika na kulifikia jicho. Kinawahi zaidi moto unaofukuta, na vile vichembe vya mafuta ya kukaangia havikishtui sana. Tukakifunga upande wa kitandani, karibu na mlango wa bafu, mbali na jiko kadiri gari linavyoruhusu. Jioni hiyo nilikaanga vitunguu hadi wekundu uliokolea. Nikakaanga na mayai. Nikapasha mafuta kuliko nilivyohitaji, kwa makusudi, huku nimekikazia macho. Kimya. Tukala vizuri, nikaosha kikaango, nikazima kila kitu, nikakaa mezani na kipande cha mkate mkavu.

Mke wangu alikuwa ameingia kuoga kwa maji ya moto. Kijitabu cha king'ora kipya alikuwa bado hajafika ukurasa wa mvuke. Akafungua mlango wa bafu, wingu jeupe likatangulia mbele yake, likapanda moja kwa moja darini, na king'ora kikapasuka kwa sauti mpya kabisa, yenye afya.

Akachungulia, povu la sabuni sikioni.

"Umeunguza nini tena?"