Monkey Dust: katuni iliyocheka pasipochekwa

BBC Three, chaneli ya televisheni ya Uingereza, ilipoanza kurusha matangazo Februari 2003, mojawapo ya vipindi vyake vya mwanzo kabisa kilikuwa katuni ya watu wazima, Monkey Dust, yenye vichekesho vifupivifupi. Waasisi wake, Harry Thompson na Shaun Pye, walikiendesha kwa misimu mitatu, vipindi 18 kwa jumla, kikakoma 2005. Novemba mwaka huohuo Thompson akafariki kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 45. Tangu hapo wapo wanaokihesabu kuwa kejeli kali kuliko zote za Uingereza ya Tony Blair, na wapo wanaosema ulikuwa ukatili tu uliopakwa rangi.

Hao wa pili si wa kupuuzwa. Kuna baba aliyeachana na mkewe, anayekuja kumchukua mwanawe Timmy wakatembee. Mtoto hana habari naye. Kwake baba ni yule wa kambo. Kichekesho kinaisha baba akijiua, na hadithi hiyo inarudi tena na tena. Mara ya kwanza unashtuka, na kushtuka huko kunakufikirisha kuhusu wanaume wanaopangiwa saa za kuwaona watoto wao. Baadaye unangoja tu uone safari hii atajiua vipi. Huzuni imeshakuwa kibwagizo.

Watetezi watakwambia mtazame Ivan Dobsky, mhusika mwingine wa katuni hiyo. Huyu alilazimishwa na polisi kukiri mauaji asiyoyafanya, akafungwa tangu miaka ya 1970, mpaka vipimo vya DNA vilipomsafisha. Ametoka, lakini dunia haielewi, na anatamani kurudi gerezani. Waingereza hawakuhitaji kuelezwa chanzo chake: watu sita waliofungwa 1975 kwa milipuko ya baa za Birmingham waliachiwa 1991 tu, baada ya hukumu zao kutenguliwa. Unamcheka Ivan, ndiyo, lakini anayeaibika ni askari aliyemhoji.

Kikali zaidi, kwa maoni yangu, ni kile cha msaka wanajisi wa watoto, anayevaa kama wasaka wachawi wa karne ya 17 na kuhukumu watu kwa ushahidi usiokamata hata nzi. Mwaka 2000 gazeti la News of the World lilichapisha majina na picha za waliowahi kupatikana na hatia hiyo. Zikafuata vurugu mitaani huko Portsmouth, na huko Wales daktari wa watoto akakuta nyumba yake imechorwa matusi na watu waliochanganya neno la Kiingereza la kazi yake, "paediatrician", na "paedophile", yaani mnajisi wa watoto. Ukishayajua hayo, katuni haijatia chumvi sana.

Ugumu unakuja kwa vijana watatu Waislamu wa West Bromwich, mji wa Uingereza, wanaopanga ugaidi huku mama akiwakatiza kwa mambo ya nyumbani. Waislamu wa kawaida, wauza duka au walimu, karibu hawamo. Wanaoonekana ni hao wenye mabomu. Upande mwingine utajibu kwamba kipindi kilithubutu kuwaonyesha kama watoto wa mtaani, wenye lafudhi ya mtaani, wala si majini kutoka mbali. Julai 2005, msimu wa mwisho ukiwa umeshapita, watu 52 waliuawa kwa mabomu London na vijana Waislamu ambao wengi wao walikulia West Yorkshire, humohumo Uingereza. Watetezi wanalitaja hilo kama ushindi. Mimi naona ni macho makali tu. Kuona mbali hakumfidii jirani aliyechorwa upande mmoja.

Yote haya yasingewezekana bila katuni. Mwigizaji wa kweli angempa baba Timmy uso, na uso ungeomba huruma ambayo mchoro hauombi. Hapo ndipo uhuru wa kipindi hiki ulipotoka, na ganzi yake pia.

Leo anayekitafuta hukutana zaidi na vipande vilivyokatwa mtandaoni. Kipande cha baba Timmy kikiwa peke yake ni ukatili mtupu. Ndani ya kipindi kamili, picha ilitiririka kutoka kisa hadi kisa katika mji mmoja wenye giza, watu wakipishana barabarani bila kuangaliana, na upweke wa baba huyo ukaonekana ni wa mji mzima. Hilo linapunguza lawama yangu kwa kiasi. Haliifuti.