Tezi imetulia, macho bado: je, kila mgonjwa apewe steroidi?

Mgonjwa wa Graves, ugonjwa unaoifanya tezi ya shingoni (thairoidi) itoe homoni kupita kiasi, anakunywa iodini ya mionzi, homoni zinashuka, moyo unaacha kwenda mbio, mikono haitetemeki tena. Miezi michache baadaye anaamka kope zimevimba, macho mekundu yanakereketa kama yameingia mchanga, na usiku hayafumbi vizuri. Anajiuliza dawa ilimtibu nini.

Ilitibu tezi. Kingamwili zinazoichochea tezi huwasha moto pia kwenye misuli na mafuta yaliyo nyuma ya jicho, na baada ya iodini zinaweza kupanda kwa miezi kadhaa. Ndiyo maana kuna madaktari wanaotaka kila anayepewa iodini apewe na vidonge vya prednisoloni, steroidi ya kutuliza uvimbe.

Hoja yao ina uzito. Katika utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 1998, takriban asilimia 15 ya waliopewa iodini peke yake walianza kuumwa macho, au macho yao yalizidi kuharibika. Katika kundi lililopewa na prednisoni, dawa ya jamii hiyohiyo, kwa miezi mitatu hivi, hakuna aliyezidiwa.

Ila takwimu hizohizo zinawapa nguvu wanaopinga. Wengi hawakudhurika hata bila kinga, na waliobaki na madhara ya kudumu walikuwa kama asilimia 5. Steroidi nazo si peremende: zinapandisha sukari na presha, zinadhoofisha mifupa, na huku kwetu zinaweza kuiamsha TB iliyolala mwilini. Kumtwisha haya yote mtu mwenye macho mazima na asiyevuta sigara, mimi sioni haki yake. Anayevuta, au ambaye macho yake yalishaanza kusumbua kabla ya iodini, huyo asinyimwe kinga. Na macho yakiwa tayari yamewaka vibaya, ni heri iodini isubiri, tezi itulizwe kwa vidonge kama kabimazoli.

Linalonikera ni kwamba mabishano ya steroidi yanafunika mambo ya bei nafuu. Homoni zikishuka mno baada ya iodini, macho huzidi, kwa hiyo kipimo cha damu kirudiwe mapema na levothairoksini, vidonge vya kufidia homoni ya tezi, ianze bila kuchelewa. Sigara iachwe kabisa.

Ugonjwa ukishakuwa wa wastani au mkali, mjadala hubadilika. Kawaida ni methiliprednisoloni, steroidi nyingine, ya kudungwa mshipani mara moja kwa wiki, wiki 12, jumla gramu 4.5, kwa kuwa kiasi kikubwa zaidi huhatarisha ini. Inasaidia wakati macho bado yana moto wa uvimbe. Yakishapoa na kubaki yametokeza, dawa hii haiyarudishi ndani, na kazi inabaki kwa mpasuaji. Teprotumumabu, dawa mpya zaidi isiyo steroidi iliyoidhinishwa Marekani Januari 2020, hupunguza kutokeza kwenyewe, lakini inaweza kuharibu usikivu na kupandisha sukari, na bei yake ni ya mamia ya maelfu ya dola. Kwa wagonjwa wetu wengi, hilo linamaliza mjadala kabla haujaanza.

Dalili moja haina pande mbili. Funika jicho moja, tazama kitu chekundu, kisha badilisha. Wekundu ukionekana umepauka kwa jicho moja, au uoni umeanza kufifia, huenda mshipa wa fahamu wa jicho unabanwa. Nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.