Umeme mchafu Mafinga: mwenye inveta anasingiziwa au ndo yeye kweli?

Chukua kiwanda cha mbao pale Mafinga, kapasita zinapasuka kila mara na transfoma inanguruma, fundi wa laini atakwambia ni inveta za mota za mwenye kiwanda (vifaa vya kubadili kasi ya mota), mwenye kiwanda nae atasema umeme umefika getini ushaharibika. Nani anachafua?

Fundi ana hoja nzito. Inveta ya fezi tatu ya kawaida, ile ya dayodi sita, haivuti karenti kwa wimbi laini, inanyakua vipande vipande, na kwa kuwa umeme wetu ni 50 Hz basi zinachomoza hamoniki, yaani mawimbi ya ziada yenye masafa mara kadhaa ya hayo 50 (ndo huo uchafu), hasa ya 5 (250 Hz) na ya 7 (350 Hz). Ukikuta ya 3 (150 Hz) ndo imetawala, geukia vitu vya fezi moja, chaja, tivii, taa za LED. Hamoniki hizi za 3 zinajumlishana kwenye nyutro (waya wa kurudishia umeme) mpaka waya unachemka hata kama fezi zimebalansi, ila transfoma yenye delta (koili zilizofungwa pembetatu) upande wa juu inazuia nyingi zisipande kwenye laini ya 33 kV.

Ninapokataa ni kwenye ushahidi. Wengi wanafunga mita mpakani, wakiona pawa ya hamoniki inatoka kiwandani kwenda laini kesi imeisha. Hapana bwana. Mwelekeo huo unategemea sana engo kati ya mawimbi ya pande mbili (kiwanda na gridi) kuliko ukubwa wa uchafu, so mchafuzi mkubwa anaweza kuonekana ndo anapokea!

Afu kuna kapasita za pawafakta, zile zinazofungwa kupunguza karenti isiyofanya kazi. Zenyewe hazizalishi hamoniki, ila zikikutana na transfoma zinaweza kuingia rezonansi (kutikisika pamoja) karibu na hamoniki ya 5 na kuikuza, unakuta kiwanda kisicho na inveta hata moja karenti yake chafu kuliko ya jirani anayechafua. Ndo maana IEEE 519, kiwango cha kimataifa cha hamoniki, inambana mteja kwenye karenti, mwenye gridi kwenye volteji: jumla ya uchafu isizidi 8% mpaka 1 kV, 5% juu ya hapo hadi 69 kV.

Mi ningeacha mita wiki nzima, nilinganishe na Jumapili mashine zikiwa zimezimwa. Shida Jumapili majirani nao wamefunga, kwa hiyo lazima uzime na siku ya kazi, kwanza kapasita, halafu inveta moja moja, na hapo sasa umshawishi mwenye kiwanda asimamishe misumeno magogo yakiwa yamejaa uwanjani.